Mpima Kamba wa Lalibela

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kalamu mkononi. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu: ukianza kusimulia mambo ya namna hii wanakukagua usoni kuona kama umeamka vizuri. Nimeamka vizuri, asante. Kama unatafuta kisa cha majini ya kuchekesha, nenda kwingine, maana changu hakina mahali pa kucheka.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Waliokuwa Kigoma wakati ule hawana haja ya kuelezwa. Boti zilivuka ziwa kutoka Kongo zimejaa watu mpaka maji yanachungulia ndani, na wengine walikuja kwa miguu kutoka Burundi na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa mtumishi wa afya, nimehamishwa kutoka Singida, nikapangiwa kituo cha mapokezi kando ya ziwa, upande wa Bangwe. Kazi yangu ilikuwa kupima. Mtoto namlaza kwenye ubao wenye alama za sentimita, nasoma urefu, nampandisha kwenye mizani, nasoma uzito, najaza fomu. Wazee nao tuliwapima, kwa sababu waliokonda sana walipewa uji wa lishe.

Nilisifiwa kwa wepesi. Siri ya wepesi wangu nakupa leo: mstari ukiwa mrefu na jua likianza kuelemea Kongo, nilikuwa sipimi. Nilimtazama mtoto tu. Huyu sentimita themanini na mbili, huyu tisini, najaza, anayefuata. Usinitolee macho. Wenzangu nao walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyekufa, au tuseme hakuna aliyerudi kutulalamikia.

Nyumbani, Gungu, nilikuwa na binti mmoja, Sesilia, wa miaka mitano. Baba yake alikuwa Tabora kikazi, na barua zake zilizidi kuwa fupi. Sesilia alikuwa na kifafa. Alikuwa akianguka katikati ya mchezo, kijiko mkononi, sentensi mdomoni. Mara moja aliangukia jiko la mkaa, na kovu analo shavuni mpaka leo. Nilikwenda hospitali, nikapewa vidonge vilivyomlaza kutwa nzima bila kumzuia kuanguka. Nilikwenda kuombewa. Nilikwenda na kwingine ambako sitakutajia. Jirani yangu Mama Ashura, mwenyeji wa Ujiji, ndiye aliyebaki naye nikiwa kazini, na kila jioni nikipinda kona ya nyumba nilimtazama kwanza yeye usoni, nijue mwanangu bado yuko.

Sasa nisikilize vizuri.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Boti ilikuwa imeshusha watu, na katika mstari wa wazee nikamwona mmoja mrefu, wa rangi ya maji ya kunde, pua nyembamba, amejifunika shuka jeupe lenye ukingo wa rangi na ameshika mkongojo wenye kichwa kama herufi T. Katikati ya watu waliolala siku tatu kwenye matope, shuka lile halikuwa na doa.

"Shikamoo, mzee. Unatoka wapi?"

"Lalibela," akasema.

Sikupajua. Akaniambia ni Uhabeshi, milimani, kwenye ufalme wa Kikristo wa zamani sana. Kwenye fomu yangu sehemu ya uraia ilikuwa na visanduku viwili tu, Burundi na Kongo. Nikaweka tiki kwenye Kongo. Nikamwambia apande kwenye mizani.

Akapanda. Mshale haukusogea.

Niamini. Nilidhani mizani imekwama, nikaipiga teke kidogo. Nikamshusha, nikampandisha mama mmoja wa Uvira: kilo hamsini na moja. Nikamrudisha mzee: sifuri. Alisimama pale kwa miguu yote miwili, ananitazama kwa huruma, kama mtu anayengoja umalize kutafuta kitu ambacho anajua hakipo. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini na jua limewaka. Unajua nilifanya nini? Nilijaza kilo sitini. Anayefuata.

Ungefanya nini wewe? Ungetupa fomu ukimbie? Nani angekulipa mwisho wa mwezi?

Alikaa kituoni siku zilizofuata, akisubiri malori ya kwenda kambini. Mchana aliketi kando ya banda letu, na wanawake wa Kikongo waliokuwa wakimenya muhogo walimzunguka kwa sababu alikuwa na habari za kusimulia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani, lakini kilieleweka. Alisimulia mlima usio na njia, ambako watawa hupanda kwa kamba ya ngozi, na mtakatifu wa kwanza alipandishwa na joka lililomteremshia mkia. Alisimulia sanduku la Agano linalolindwa na mtawa mmoja tu, ambaye akishachaguliwa hatoki tena ndani ya ua mpaka afe.

Mama mmoja mchokozi akamwambia, "Muzee, na wafalme wote hao na malaika, sasa unakula uji wa bure pamoja na sisi?"

"Sijala," akajibu. Tukacheka. Baadaye nilipouliza, mgawa uji akathibitisha kwamba hakuwahi kupokea hata kikombe.

Lakini habari iliyonikaa ni ya makanisa yao. "Kwetu kanisa haliendi juu," alisema. "Linakwenda chini. Unasimama juu ya mwamba, unachora msalaba mbele ya miguu yako. Hilo ni paa. Halafu unachimba kulizunguka, unashuka. Dirisha, nguzo, ukuta, vyote jiwe moja. Mlango unakuja mwisho. Mjenzi wa matofali akikosea anaongeza tofali. Sisi tukikosea, jiwe lililotoka halirudi."

Nikamuuliza ni nani walioweza kazi hiyo.

"Watu wanasema mchana walichimba binadamu na usiku malaika, ndiyo maana asubuhi kazi ilikutwa imezidi." Akatema mate pembeni. "Malaika gani? Tulikuwa sisi. Tuliokufa mchana tulichimba usiku. Mfalme hakutupumzisha."

Wanawake wakaguna. Mimi nikachukulia kwamba anasema "sisi" kama kila mkimbizi anavyosema sisi akizungumzia babu zake. Akaendelea, sasa ananitazama mimi peke yangu. "Mimi nilikuwa mpima kamba. Nateremsha kamba shimoni, nasema: hapa simameni, hapa shukeni. Jioni moja nilichoka. Sikuteremsha. Nilikadiria kwa jicho. Wakachimba pale niliposema, ukuta ukawalalia watu kumi na wanne. Mimi pia nilikuwa chini. Toka siku hiyo watu wakikimbia, mimi natembea nao. Nawaandikia watoto wao. Wewe ni mpimaji, mwenzangu. Unaelewa."

Nilielewa, ndiyo. Lakini nilikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, na mama wa mtoto mgonjwa hachagui mlango wa kugonga. Nikamuuliza anaandika nini.

Akanieleza. Kwao huandikwa sala za kinga kwenye ukanda wa ngozi. Ukanda huo lazima uwe na urefu sawasawa na wa mtu mwenyewe, toka utosini hadi kwenye nyayo, umfunike wote asibaki mahali pa ugonjwa kuingilia. Kwa mtoto, ukimfunika wote siku ya kwanza, basi kinga yake itakua naye. Nikamweleza habari za Sesilia. Nililia, nakiri. Akanituma ngozi ya mbuzi, nikaifuata kwa mchinjaji wa Mwandiga, ikiwa mbichi na inanuka. Akaikwangua kwa jiwe, akaiwamba juani karibu na vichanja vya dagaa.

Kisha akanipa uzi mweupe. "Mlaze mtoto sakafuni. Viatu vitoke. Uzi uanze utosini, uishie kwenye unyayo, ukate hapo. Wewe mwenyewe, mama yake. Mkono wangu haupimi tena mtu aliye hai."

Jioni ile Sesilia alianguka mara mbili, na ya pili ilimlaza hoi. Nikasema nitampima asubuhi. Asubuhi nikachelewa, nikatoka mbio na uzi umo mfukoni mwa koti. Nilipofika kazini mzee alikuwa tayari ameshachora mistari kwenye ngozi, anangoja. Kurudi Gungu na kuja tena ilikuwa saa nzima, na boti mbili zilikuwa zinashusha watu. Ndipo nikakumbuka kadi ya kliniki ya Sesilia. Ilisema mita moja na sentimita nne. Iliandikwa miezi minane nyuma, na aliyeiandika ni mimi, nyumbani, mezani, kwa sababu siku ile foleni ya kliniki ilinishinda. Kwa hiyo hata siku hiyo mtoto hakupimwa.

Nikaulaza uzi kwenye ubao wa kazini, nikaukata kwenye alama ya mia na nne.

"Umempima?" mzee akaniuliza.

"Ndiyo."

"Viatu ulivua?"

"Nilivua."

"Uliona mwenyewe uzi unagusa unyayo?"

Hapo nikapandisha hasira. Mwongo akibanwa hukasirika, hilo ninalijua vizuri. "Mzee, hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtaalamu!"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwenzangu. Nimekuamini."

Aliandika siku nne. Wino aliutengeneza kwa masizi ya masufuria, na jina la mtoto aliliandika kwa rangi nyekundu. Katikati ya maandishi alichora macho makubwa yanayotazama pande zote. Mistari ilikuwa imenyooka, hakuna herufi iliyofutwa, na kila alipomaliza kipande aliulaza uzi wangu pembeni kuhakikisha. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi kwa uangalifu vile, si kabla wala baadaye. Nilikuwa napita na fomu zangu, namwona ameinama, najisikia vibaya, naendelea na fomu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata akanikabidhi. Jioni nikamlaza Sesilia sakafuni, Mama Ashura akashika taa, nikaukunjua ukanda kuanzia utosini. Ukapita usoni, kifuani, tumboni, magotini. Ukaishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Nyayo zilikuwa nje. Nikauvuta, kama unavyovuta shuka fupi, lakini ngozi haivutiki. Ulipungua upana wa vidole vinne.

"Haufiki," akasema Mama Ashura. "Mama Sesi, umpelekee kesho alfajiri aongeze kipande. Malori si yanaondoka saa nne?"

Nikasema nitapeleka. Mama Ashura alipoondoka nikaukunja, nikautia kwenye kimkoba cha ngozi, nikamvalisha mtoto shingoni. Nikajiambia, miguuni kuna nini? Ugonjwa wake uko kichwani. Na ningemwambia nini yule mzee? Kwamba mtaalamu hakupima?

Asubuhi nilikuwa kituoni malori yalipopakia. Alikuwa juu ya lori la pili, shuka jeupe vilevile. Akaniona, akainama kutoka juu.

"Umemfunika?"

Nilikuwa na nafasi. Lori lilikuwa halijawashwa. Uzi ulikuwepo, ngozi iliyobaki ilikuwepo, na huenda kalamu yake ilikuwa mfukoni. Nasema haya kila nikikosa usingizi.

"Amefunikwa wote, mzee," nikajibu.

Akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuona meno yake. Lori likaondoka kuelekea Mwandiga.

Sesilia hakuanguka tena. Wiki moja, ya pili, ya tatu. Alicheza, alimaliza sentensi zake, alinenepa. Nilimwandikia baba yake aje aone. Mama Ashura aliwagawia watoto maandazi kwa shukrani. Halafu asubuhi moja mtoto akateremsha miguu kitandani, akaanguka kifudifudi. Nikadhani kifafa kimerudi, nikamkimbilia. Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Mama," akaniuliza, "sakafu iko wapi?"

Alikuwa ameikanyaga na haihisi. Toka vifundo kwenda chini hapakuwa na kitu: si joto, si baridi, si maumivu. Nilimchoma kwa pini mbele ya daktari, akawa anatazama tu. Madaktari hawakupata sababu. Na haikuishia hapo. Mwili wake ulikua ukawa wa msichana, ukawa wa mwanamke, lakini nyayo zilibaki zilezile. Leo ni mtu mzima, mrefu kunizidi, na ana nyayo za mtoto wa miaka mitano. Hazimbebi. Anatembelea magongo, ana genge la mawese na dagaa hapa Gungu. Na katika Kigoma hii ya mbu, malaria haijawahi kumgusa hata siku moja. Juu ya vifundo, hakuna ugonjwa uliothubutu.

Nilimtafuta mzee. Nilikwenda mpaka kambini, nikafunguliwa jalada la fomu zilizotoka kituoni kwetu. Jina lake lilikuwepo kwa mwandiko wangu, Mkongo, kilo sitini. Hakuna aliyewahi kumwona. Dereva aliapa kwamba alihesabu watu kupanda na kushuka na idadi haikupungua. Nikamtafuta nahodha wa ile boti, nikamkuta ufukweni anaziba tundu.

"Muzee wa nguo nyeupe? Ku bwato yangu?" akasema. "Mama, mimi nilileta watu makumi ine, na wote najua majina yao. Huyo hakupandaka kwangu."

Sijui alipita wapi juu ya maji yale. Sijui anatembea na watu gani leo. Wanaokimbia hawajaisha duniani.

Miaka mingi baadaye alikuja mhandisi wa visima, kijana wa Kihabeshi. Nikamwomba Sesilia kimkoba, nikampelekea ofisini kwake peke yangu. Aliukunjua ukanda taratibu, akajifanyia ishara ya msalaba. Aliniambia ni lugha ya kale ya kanisa lao na kwamba mwandiko wa namna ile ameuona mara moja tu, kwenye jumba la makumbusho. Akanisomea: majina ya malaika, sala dhidi ya jicho baya, jina la Sesilia. Alipofika mstari wa mwisho akasita, akausoma tena kimoyomoyo.

"Mara nyingi humaliza kwa kusema, toka utosi hadi unyayo," akasema. "Huyu ameandika, umlinde toka utosi hadi pale alipopima mama yake."

Alijua? Au aliandika vile kwa heshima, akimheshimu mpimaji mwenzake kuliko nilivyostahili? Nimeligeuza swali hilo mpaka limechakaa. Kama alijua, mbona alitabasamu pale juu ya lori? Na kama hakujua, basi nimemfanya kwa mara ya pili mtu wa kusababisha maafa kwa kipimo kibovu, yeye aliyekuwa akitembea miaka yote hiyo ili asikirudie. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Niliporudi Sesilia aliniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia ni sala tu.

Wewe unayenisikiliza, una watoto, una kazi, una fomu za kujaza. Siku mtu akikuuliza kama umepima, usimtajie nambari iliyo kichwani. Rudi nyumbani. Hata kama ni mbali na watu wanakungoja, rudi, mvue mtoto viatu, piga magoti uangalie kwa macho yako. Na kama umeshadanganya, kimbilia lori kabla halijawashwa. Aibu ya dakika moja mbele ya mzee mmoja isingeniua.

Sesilia anamchukia yule Mhabeshi. Anamlaani waziwazi gengeni, hasa siku za mvua magongo yakiteleza. Anasema alikuwa bahili, alibania ngozi ya mbuzi wa watu. Mama Ashura, aliyejua kwamba ukanda ulipungua, alikufa akidhani vivyo hivyo. Jana tulikuwa tunachambua dagaa wawili sisi, akaniambia tena, "Mama, siku nikikutana naye huko mbele ya Mungu, nitamuuliza kwa nini aliniacha miguu nje."

Nikamwambia asogeze ungo. Atamuuliza, najua. Na yule mzee si mtu wa kusema uongo.